Kupasua Tumbo Lililopoa

Mgonjwa wa divertikulitisi anayekuja kwa upasuaji wa kupangwa huingia wodini kwa miguu yake, jioni ya kuamkia siku yenyewe, na begi dogo, chaja ya simu, tasbihi au rozari. Hana homa wala dripu. Jirani yake wa kitanda, aliyeletwa usiku wa manane tumbo limekakamaa, humtazama akijiuliza huyu kafuata nini hapa. Na yeye mwenyewe taa zikizimwa hujiuliza hivyo hivyo: mbona siumwi?

Ni swali la haki. Nimepasua matumbo Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kujua kwamba kumfungua mtu anayekufa hakuhitaji maneno mengi. Familia yenyewe inakusukuma uingie thieta. Kumkata utumbo mtu aliyekuja anacheka ndiko kunakotaka hoja. Katika ugonjwa huu hoja hiyo imebadilika sana tangu nilipokuwa mwanafunzi, na bado napokea watu walioambiwa “lazima upasuliwe” kwa sababu zilizokwisha kufa, na wengine walioambiwa “vumilia” wakati wamevumilia kupita kiasi.

Utumbo mpana una sehemu dhaifu za asili, pale mishipa ya damu inapopenya msuli kuingia ndani. Miaka ikienda, shinikizo la ndani husukuma utando laini utokeze nje kupitia hapo, vikawa vifuko vidogo vinavyoitwa divertikula. Vingi hukaa kwenye sigmoidi, kile kipande kilichopinda upande wa kushoto kabla ya rektamu. Wenye vifuko wengi hawajui kama wanavyo, na chini ya 5 kati ya 100 ndio watakaougua. Kifuko kikivimba, huyo sasa ana divertikulitisi: maumivu ya kushoto chini ya kitovu, homa, tumbo kujaa, choo kuvurugika. Mara nyingi hupoa. Mara chache hutunga jipu, na mara chache zaidi hupasuka na kumwaga usaha au kinyesi tumboni.

Kabla ya kufika kwangu wengi wameshatibiwa taifodi, amiba, UTI, na wanawake maambukizi ya nyonga. Siwalaumu wenzangu wa zahanati, maana bila skani ya CT maumivu ya upande huo yana majina mengi. Ninacholaumu ni diklofenaki. Kila duka la dawa linaiuza, kila mwenye mgongo anaimeza, na dawa za jamii hiyo, ibuprofen ikiwamo, huongeza hatari ya kifuko kupasuka. Mgonjwa akija na orodha ya dawa zake, hiyo ndiyo ninayoitafuta kwanza.

Vitabu tulivyosomea viliuita ugonjwa wa Wazungu, na chanzo cha kauli hiyo kiko jirani kabisa. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966, na jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958. Alichokiona kwetu, na zaidi alichokikosa, kilimfuata mpaka kwao. Mwaka 1971, pamoja na Neil Painter, aliandika kwamba divertikula ni ugonjwa wa upungufu: Wazungu wameondoa makapi kwenye chakula, choo chao kimekuwa kidogo na kigumu, utumbo unasukuma kwa nguvu hadi unatoboka vifuko. Mwafrika wa kijijini, na ugali wake wa dona na maharage, hana.

Burkitt alipatia nusu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012, uliochungulia matumbo ya watu 2,104 kwa kolonoskopi, uliwakuta walao nyuzinyuzi nyingi wana vifuko zaidi, kinyume cha alivyotabiri. Lakini kule Uingereza, watu zaidi ya 47,000 walipofuatiliwa, wasiokula nyama walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 31 ya kulazwa au kufa kwa ugonjwa wa vifuko hivyo. Kwa hiyo dona naendelea kuisifu, ila simwambii mtu kwamba sembe ndiyo iliyomleta. Hapa mjini sasa tunawaona wagonjwa hawa mara kwa mara, na sehemu ya ongezeko ni kuongezeka kwa mashine za kuwaona.

Sasa uamuzi wenyewe.

Zamani hesabu ilikuwa nyepesi: mashambulizi mawili, kisu. Ilitokana na tafiti kama ule wa Belfast wa mwaka 1969, uliopitia wagonjwa 521 na kuacha picha kwamba kila shambulio jipya ni baya kuliko lililotangulia na nguvu ya dawa hupungua. Hadi mwaka 2000 mwongozo wa wapasuaji wa utumbo wa Marekani ulipendekeza hivyo, tena kijana wa chini ya miaka 50 alipasuliwa hata baada ya shambulio moja. Baadaye watu walihesabu upya na kukuta jambo lililowaaibisha walimu wetu: utumbo unaopasuka hupasuka zaidi katika shambulio la kwanza kabisa. Aliyepita salama mara tatu hakaribii kaburi kwa sababu ya ile ya nne. Hoja ya “tukukate sasa usije ukapasuka” ikaanguka, na miongozo ikaacha kuhesabu.

Nieleze basi ninaowapasua bila kusitasita. Mzee anafunga mlango wa kliniki, anasogeza kiti, ananong'ona kwamba mkojo wake unatoka na hewa, unapiga mapovu, na siku nyingine unanuka choo. Hapo utumbo umeshatoboa njia ya kuingia kwenye kibofu, na njia hiyo haizibwi na vidonge. Mwingine utumbo wake umekunjamana kwa makovu hadi choo hakipiti. Mwingine jipu lake lilinyonywa kwa sindano likajaa tena. Na yupo anayeishi kwa figo ya kupandikizwa, akitumia dawa zinazozima kinga. Huyo akipasuka dalili huja zimechelewa, na nafasi ya pili inaweza isipatikane.

Waliobaki, ambao ndio wengi, napima maisha yao. Skani inanionyesha vifuko na ukuta ulionenepa. Hainionyeshi kwamba dereva wa basi la Mwanza ameacha njia kwa sababu maumivu humkamata katikati ya Singida. Hainionyeshi mama anayelisha mafundi ujenzi anayefunga kibanda kila baada ya miezi michache, wateja wakahamia kwa jirani. Kwa hiyo nauliza: umelazwa mara ngapi mwaka huu? Umeacha nini? Msibani unaenda? Wapo wanaojibu kwamba kati ya shambulio na shambulio wako sawasawa kama wengine. Wapo ambao hawapoi, kila wiki kuna kitu, wanaishi na antibiotiki kwenye mkoba. Hawa wa pili ndio upasuaji unawafaa.

Kuna ushahidi wa kulisimamia neno hilo. Uholanzi waligawa kwa kura wagonjwa 109 wenye mashambulizi ya kujirudia au maumivu yasiyoisha: wengine wapasuliwe, wengine waendelee na tiba ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2017, na waliopasuliwa walikuwa na maisha bora. Finland wakafanya hivyo kwa watu 90, wakachapisha mwaka 2021, jibu likaelekea huko huko. Lakini katika utafiti huo wa Finland, mmoja kati ya 10 wa waliopasuliwa alipata tatizo kubwa ndani ya miezi sita. Faida na hatari hizo nazitaja pamoja, kwa pumzi moja na kwa sauti ile ile. Daktari anayezitaja kwa sauti mbili tofauti ameshaamua kwa niaba ya mgonjwa.

Kwa kawaida mgonjwa haamui peke yake. Kikao huwa na mke, kifungua mimba, na simu iliyowekwa sauti ya juu katikati ya meza, ambako kaka mkubwa yuko Muscat anauliza maswali magumu kuliko wote. Nampenda sana huyu kaka wa kwenye simu. Yeye ndiye anayethubutu kuuliza, “Na mfuko je?”

Mfuko wa kinyesi unaobandikwa tumboni ndio hofu kubwa kuliko kifo. Nawaambia ukweli: katika upasuaji wa kupangwa tunakusudia kuunganisha utumbo siku hiyo hiyo, na wengi huondoka bila mfuko. Wa dharura ndiye anayepata mfuko mara nyingi, kwa njia aliyoieleza Mfaransa Henri Hartmann mwaka 1921 kwa ajili ya saratani: unatoa kipande kibovu, unaziba chini, unatoa mdomo wa juu kwenye ukuta wa tumbo. Inaokoa maisha. Lakini sehemu kubwa ya waliofanyiwa hivyo hawarudishiwi utumbo tena, kwa umri, kwa hofu au kwa pesa. Kupasua tumbo lililopoa kunapunguza uwezekano wa mfuko, hakuufuti, na ndiyo maana kila mgonjwa wangu anatiwa alama ya wino kabla ya kwenda thieta, hata kama sitarajii kuitumia. Nesi wa stoma, yaani wa mifuko hii, humsimamisha, humkalisha, humwinamisha, aone mikunjo ya tumbo inaangukia wapi. Humwambia pia afunge kanga au msuli kama anavyofunga nyumbani, maana fundo likikaa juu ya mfuko, mfuko utavuja. Waislamu huuliza kuhusu udhu. Masheikh waliowahi kuulizwa na wagonjwa wangu wamejibu kwamba huyo ni mwenye udhuru: atawadhe kwa kila kipindi, aswali. Nimeona mabega yakishuka kwa jibu hilo kuliko kwa takwimu zangu zote.

Tunasubiri angalau wiki sita tangu shambulio la mwisho, uvimbe utulie. Katika muda huo, kama hajafanyiwa karibuni, anafanyiwa kolonoskopi, kwa kuwa saratani ya utumbo ikivimba huweza kufanana na divertikulitisi kwenye skani. Sigara inaachwa. Sukari inashushwa. Damu iliyopungua inatafutiwa sababu. Siku ya mwisho anakunywa dawa ya kusafisha utumbo pamoja na antibiotiki za kumeza. Ile amri ya zamani ya kutotia hata tone mdomoni kuanzia saa sita usiku tumeiacha: kwa mgonjwa wa kawaida kinywaji angavu chenye sukari kinaruhusiwa hadi saa mbili kabla ya usingizi, na anaamka na nguvu zaidi. Bibi zetu hawaamini, na baadhi ya manesi pia.

Thieta, kabla ya kisu, kila mtu anataja jina lake na kazi yake, kisha tunasoma orodha: mgonjwa nani, operesheni gani, antibiotiki ya mshipani imeingia ndani ya saa moja iliyopita? Vijana wanaosomea upasuaji hudhani orodha hii imeletwa na wageni. Huwa nawakumbusha kwamba Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu katika hospitali za miji minane, pamoja na London, Toronto na New Delhi, mmojawapo ulikuwa Ifakara. Matokeo yalitoka Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Tukiwa na kamera na mtu aliyeizoea, tunaingia kwa matundu. La sivyo, mkato wa katikati. Watu hudhani tundu dogo ni upasuaji mdogo. Kinachotolewa ndani ni kile kile.

Mikono yetu wapasuaji wa Afrika Mashariki ilijifunza sigmoidi ya namna nyingine: ndefu, legevu, ile inayojisokota na kufunga choo, ambayo ukifungua tumbo inakurukia yenyewe. Ya divertikulitisi haikurukii. Ni fupi, nene, imenata kwenye ukuta wa nyonga, kwenye kibofu, kwenye kizazi, na mafuta yake yamekuwa magumu hata vidole havioni mpaka. Saa ya kwanza unafanya kazi moja tu, kuinasua taratibu. Na katika kunasua kuna kitu kimoja ninachokitafuta kabla sijakata chochote kikubwa: mrija wa kushoto unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Unapita juu ya mishipa mikubwa inayokwenda mguuni, na uvimbe wa zamani huweza kuuvuta ukahama mahali pake. Ukiguswa taratibu unajinyonganyonga, na mishipa ya damu haifanyi hivyo. Nikishauona, namwonyesha msaidizi wangu, naye aseme kwa mdomo wake kwamba ameuona.

Kisha, wapi pa kukatia? Hapa ndipo penye siri ya operesheni nzima, na ndipo mgonjwa hushangaa nikimwambia kwamba sitatoa vifuko vyote. Vya juu, kwenye utumbo laini usio na uvimbe, vinaachwa. Mara nyingi havina shida. Chini ndipo pasipo na msamaha. Msuli wa nje wa utumbo mpana umejikusanya katika mikanda mitatu, na mikanda hiyo hutawanyika na kupotea pale rektamu inapoanza. Lazima nishuke mpaka hapo. Ukibakiza hata vidole viwili vya sigmoidi chini, kwa kuwa umechoka au nyonga ni finyu, umeacha eneo lenye shinikizo kubwa chini ya kiungo chako, yaani pale unapounganisha utumbo, na ugonjwa hurudi zaidi kwa watu wa namna hiyo. Nikipokea mgonjwa aliyepasuliwa kwingine na ameanza kuugua tena, swali langu la kwanza kwa kolonoskopi ni hilo: kiungo kiko kwenye nini?

Ncha mbili lazima zikutane bila kuvutana. Zikivutana tunapanda juu, hadi kona iliyo karibu na bandama, tuifungue ili utumbo ushuke. Polepole, kwani bandama ikichanika siku imebadilika. Kuunganisha kwenyewe ni kwa stapla ya mviringo inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, au kwa sindano na uzi palipo na mkono mzuri na bajeti ndogo. Stapla inakata pete mbili za nyama, moja ya kila upande, nami nazigeuza kwenye kiganja kuona kama zimekamilika. Halafu tunajaza maji nyongani, tunabana utumbo juu, tunapuliza hewa kutoka chini, na wote tunainama kutazama, vile fundi baiskeli anavyotafuta pancha kwenye beseni. Povu likitoka, tunashona tena na kupima tena, au tunaweka mfuko wa muda. Lisipotoka, thieta nzima inaanza kuongea kwa sauti ya kawaida.

Jioni hiyo mgonjwa anakaa kitini. Kesho yake anatembea, anakunywa uji mwepesi, anatafuna chingamu kuamsha utumbo. Sindano ya kuzuia damu kuganda miguuni inaendelea. Na nesi wetu wa zamu, mwanamke mwenye adabu zote za pwani, anamwinamia bibi wa miaka sabini na kitu: “Shikamoo mama. Umeshajamba?” Bibi anaficha uso kwa kanga. Wodi nzima inasubiri jibu.

Siku ya tatu hadi ya saba ndizo ninazolala vibaya mimi. Kiungo kikivuja, huvuja hapo. Hakitangazi kwa kelele: mapigo ya moyo yanapanda bila sababu, mgonjwa aliyetembea jana leo hataki kuinuka, tumbo linajaa, homa inachungulia. Msaidizi akiniambia “huenda ni malaria” namwomba skani kwanza. Kuvuja kukigundulika mapema kuna njia. Kukicheleweshwa, mtu aliyeingia kwa miguu yake huenda akarudi thieta kuwekewa ule mfuko aliouogopa. Naliweka hili wazi kwenye kikao cha familia, na kaka wa Muscat hulirudia kwa maneno yake ili nihakikishe amelielewa.

Kliniki ya baadaye ni ya majibu ya maabara na ya chakula. Maabara karibu wakati wote husema vifuko, uvimbe, makovu, hakuna saratani. Kwenye chakula napambana na uvumi. Ameshaambiwa na jamaa asile karanga, bisi, mahindi ya kuchoma, mapera kwa ajili ya mbegu. Mwaka 2008 Wamarekani walichapisha ufuatiliaji wa wanaume 47,228 kwa miaka 18, na walaji wa karanga na bisi hawakuugua zaidi. Waliugua kidogo pungufu. Ale karanga zake. Wapo pia wachache wanaorudi na maumivu yale yale ingawa kiungo kiko vizuri na utumbo hauna uvimbe. Hao shida yao ilikuwa pia kwenye hisia za utumbo wenyewe, na kisu hakikuwa na la kuwafanyia huko; nawapeleka kwa wenzangu wa tiba ya ndani badala ya kuwafungua tena.

Na kuna anayesikiliza yote haya akakataa. Mzee mmoja, nahodha mstaafu wa jahazi kutoka Tanga, alikuwa ameshapata mashambulizi manne, yote yakapoa kwa dawa, na katikati yake alikuwa mzima wa kucheza bao hadi magharibi. Alikuja na barua ya daktari iliyoandika kwamba idadi imetimia, apasuliwe. Nilimpa takwimu zote. “Mwanangu daktari,” akasema, “nikiwa mzima mwaka mzima na mgonjwa siku kumi, unikate nini?” Sikuwa na sababu ya kumbishia, na sikumbishia. Nilimwandikia kwenye karatasi mambo ya kumrudisha hospitali bila kungoja miadi: homa, maumivu yaliyotapakaa tumbo zima, choo na upepo kufunga, hewa kwenye mkojo. Chini yake, kwa herufi kubwa, nikaandika HAKUNA DIKLOFENAKI. Mkewe akaipiga picha kwa simu, akaniuliza kama ile ya kupaka kwenye goti imo.